Memwari juu ya majengo ya biashara: kaye ya hesabu iko wapi?

Kwa miezi mitatu nimesoma memwari tano za lisansi juu ya kodi na usimamizi wa majengo ya biashara hapa Bukavu. Nne ni za watu wa uchumi na menejimenti, moja ya watu wa sheria. Wenzangu wananicheka: we agronomi, unatafuta nini mu mambo ya etaji? Niko na sababu mbili. Ya kwanza, minapanga chumba kidogo katika jengo la biashara, nauza mbegu, pompi za kupulizia na dawa za mimea. Ya pili, hii elimu ya kodi ya ardhi na majengo wanayojivunia ilitoka kwetu, watu wa shamba. Naona wameisahau pale walipoitoa.

Wale waliopita kalasi ya uchumi wa vijijini wanalikumbuka jina la von Thünen. Tulifundishwa duara zake tukazichora kwa mitihani, kisha basi. Lakini huyu mutu hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa mkulima. Mwaka 1810 alikuwa tayari mwenye shamba kubwa la Tellow, kule Mecklenburg, kaskazini ya Ujerumani, na kwa miaka aliandika kila kitu: siku za kazi za vibarua, magunia ya ngano na rai, chakula cha farasi, bei ya soko, uzito ambao farasi wenyewe wanakula njiani wakipeleka nafaka mjini. Hesabu hizo ndizo alizotumia kuandika kitabu chake cha 1826, Der isolierte Staat. Anasema kodi ya ardhi ni kile kinachobaki baada ya kutoa gharama za kulima na gharama za kusafirisha. Karibu na mji utaweka maziwa na mboga, juu zinaoza. Kisha msitu wa kuni, juu kuni ni nzito. Kisha nafaka. Mbali kabisa, wanyama, juu wanajitembeza wenyewe hadi sokoni.

Zaidi ya miaka 130 baadaye, mwaka 1964, William Alonso akachukua wazo hilo akaliingiza mjini: badala ya mboga na kuni akaweka magazeni, biro na makao ya watu, kila mmoja akishindania kipande kilicho karibu na katikati ya mji. Memwari zote nne za uchumi zinamtaja Alonso katika sura ya kwanza. Mbili zinamtaja na von Thünen. Hakuna hata moja inayosema kwamba yule mzee alianza na kaye ya hesabu.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu nazo.

Angalia zilivyojengwa. Sura ya kwanza: maana ya jengo, maana ya kodi, maana ya usimamizi, kutoka vitabu vya Ufaransa. Sura ya pili: historia ya mji, komini tatu, hali ya hewa (ndiyo, hali ya hewa, katika memwari juu ya magazeni!). Sura ya tatu: kestioneri zimegawanywa kwa wapangaji, kisha matablo. Je, unaridhika na jengo? Ndiyo, hapana, kidogo. Je, unaona kodi ni kubwa? Je, jeranti anakusikiliza? Mwishoni tunaambiwa kwamba wengi wanaridhika kiasi, na serikali inaombwa ifanye kitu. Kwetu hiyo ni sawa na kuingia mu shamba la majaribio na kuuliza mahindi kama yameridhika na mbolea. Sisi tunavuna, tunakausha, tunapima kilo. Mahindi hayana maoni.

Nitoe mfano ninaoujua vizuri, juu nilikuwepo. Mlango wa pili kutoka kwangu alikuwa mama mmoja anauza vitenge. Mwaka juzi mwanafunzi alipita na kestioneri zake. Mama akamjibu vizuri, akacheka naye, akaweka alama kwa "naridhika". Kwani angesema nini? Jeranti alikuwa amesimama pale pale kwa ngazi. Miezi saba baadaye, siku ya Ijumaa jioni, akaambiwa: "Mama, mwisho wa mwezi utatoka, patron anataka kutengeneza hiyo nyumba." Alikuwa amekaa miaka minne. Hakuna karatasi, kila mwezi analipa mkononi na kupewa kipande cha risiti. Akatoka. Chumba hakikutengenezwa, kilipakwa rangi, akaingia mwingine kwa kodi ya juu zaidi. Mama sasa anauzia vitenge mezani, kando ya barabara. Katika memwari ya yule mwanafunzi, yeye bado ni mmoja wa walioridhika.

Kumbe sheria ilikuwa upande wake. Nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria ya OHADA juu ya biashara, ile iliyorekebishwa Desemba 2010, iko na kipande kizima juu ya upangaji wa mahali pa kazi. Inasema mkataba ni mkataba hata usipoandikwa. Kama hauna mwisho uliopangwa, anayetaka kuuvunja anapaswa kutoa taarifa ya miezi sita, kwa maandishi. Na mpangaji aliyefanya biashara yake pale kwa miaka miwili kwenda juu iko na haki ya kuongezewa mkataba; mwenye nyumba akikataa bila sababu ambazo sheria inazikubali, anamlipa fidia ya kumtoa. Memwari ya sheria inaeleza haya yote vizuri, kipengele kwa kipengele, bila kutuonyesha mpangaji hata mmoja. Zile nne za uchumi ziko na wapangaji, lakini hazitaji OHADA hata mara moja. Fakilte ziko umbali wa dakika kumi kwa miguu. Mama wa vitenge alipita katikati yao.

Sasa tuje kwa garanti, juu hapa ndipo minaona utafiti wetu ungeweza kufundisha hata watu wa mbali. Vitabu vinasema garanti ni pesa ya kulinda nyumba: ukivunja kioo, inakatwa. Memwari zinarudia hivyo hivyo. Lakini kila mfanyabiashara hapa anajua kwamba garanti ndiyo simenti. Mwenye nyumba anamaliza chini, anachukua garanti za wapangaji wa chini, anapandisha etaji ya kwanza, anachukua za etaji ya kwanza, anaezeka. Wengine wanakupatia chumba kisicho na sakafu: weka wewe sakafu na mlango, tutakata kwa kodi. Mimi minalipa dola 120 kwa mwezi, nilitoa garanti ya miezi sita, maana yake 720. Vyumba 20 kama changu ni dola 14.400, mkopo bila riba na bila tarehe ya kurudisha. Benki gani itakupa hiyo?

Na siku ya kutoka, garanti yako inalipwa kutoka mfuko gani? Kutoka garanti ya anayeingia. Jengo likijaa, hesabu inatembea. Wakitoka wengi kuliko wanaoingia, wa mwisho wanabaki mlangoni na risiti mkononi. Mwaka 2025, benki zilipofungwa Goma kisha huku Bukavu na wafanyabiashara wengi wakafunga milango au kwenda ng'ambo, kila mmoja wetu alimwona jirani anayedai garanti bila kuipata. Hili ni somo la kutosha tezi nzima: jengo la biashara kama likelemba kubwa ambamo mwenye nyumba tu ndiye anajua daftari. Katika memwari tano, garanti inapewa kurasa mbili kwa jumla, na moja kati ya hizo ni maana ya neno.

Tena kuna suala la etaji. Mwaka 2018, Liu, Rosenthal na Strange walichapisha katika Journal of Urban Economics utafiti juu ya majengo marefu ya Marekani. Waliona kodi ni kali sana chini, pale watu wanapita. Inashuka ghafla ukipanda etaji ya kwanza. Kisha inaanza kupanda tena kadiri unavyokwenda juu, juu kule kuna makampuni yanayopenda kuonekana na kuangalia mji. Nilipousoma nilicheka peke yangu. Kwetu hakuna asansere, na pale ilipo haina umeme wa uhakika. Jengo letu liko na etaji nne: chini wanapigania, ya kwanza kuna washonaji na saluni, ya pili biro za mashirika madogo, ya tatu wachungaji na vyumba vitupu, ya nne mbuzi wa mlinzi. Kodi inashuka tu, haipandi tena. Ni duara za von Thünen zimesimamishwa wima, na gharama ya usafiri ni magoti ya mteja. Mwanafunzi mmoja mwenye mita, kalamu na risiti za jengo moja angetuchorea mstari huo. Badala yake memwari moja inaandika kwamba "kodi hupanda kulingana na urefu wa jengo", imenakiliwa kutoka kitabu cha kigeni, wakati mwandishi mwenyewe alipanda hizo ngazi.

Jambo lingine nalipita haraka lakini ni zito. Memwari mbili zinahesabu thamani ya jengo kwa kugawanya mapato safi ya mwaka kwa kiwango cha asilimia. Njia ni sahihi. Lakini kiwango kinatoka wapi? Mmoja alichukua 8, mwingine 12, bila kueleza. Jengo linaloingiza dola 24.000 safi kwa mwaka litakuwa na thamani ya 300.000 kwa wa kwanza, 200.000 kwa wa pili. Dola 100.000 zimezaliwa kwa kalamu. Kule vitabu vilikoandikwa, kiwango kinapatikana kwa mauzo ya majengo yaliyosajiliwa na kujulikana. Homer Hoyt alipoandika juu ya bei za ardhi za Chicago, kitabu cha 1933, alirudi nyuma hadi 1830, miaka mia moja ya bei. Sisi bei ya kweli inabaki kati ya muuzaji, mnunuzi na komisioneri. Tena tangu sheria ya 1973 udongo ni mali ya serikali, mtu anapewa haki ya kuutumia. Kwa hiyo kinachouzwa hapa si kitu kile kile kinachouzwa Chicago, na bei yake inabeba hofu ya karatasi mbili juu ya kiwanja kimoja. Hofu hiyo nayo ingepaswa kuingia katika kile kiwango.

Sitaki mtu afikiri kwamba minasifu wazungu tu. Karen Büscher na Koen Vlassenroot waliandika mwaka 2010, katika jarida la Disasters, juu ya Goma: vile kuja kwa mashirika ya misaada kulibadilisha mji, nani alipata nafasi mpya, nani alisukumwa pembeni. Ni kazi nzuri, yenye masikio. Ilinisaidia kuelewa kwa nini kule ng'ambo ya ziwa, mji ambao lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya biashara yake, ulijengwa upya kwa haraka vile. Lakini inaangalia mji kutoka juu kidogo. Ndani ya jengo, kati ya jeranti na mama wa vitenge, haiingii. Sisi tunaoishi humo ndio tungeingia.

Najua mtaniambia nini. Mwenye nyumba hataonyesha kaye yake. Ni kweli: kodi ya serikali juu ya mapato ya kupangisha ilikuwa 22% kwa miaka mingi, nani atamwandikia mwanafunzi asichomwandikia mtu wa kodi? Na mwanafunzi iko na miezi minne, iko na madeni ya minervali, na dirakta wa memwari anataka kestioneri kwa sababu hata yeye alifanya hivyo. Siwalaumu waliopita njia hiyo. Mimi mwenyewe memwari yangu ya maharagwe iko na hali ya hewa kurasa nne.

Lakini wapangaji pia wako na kaye. Tuko wengi katika jengo moja, na risiti zetu zikiwekwa pamoja zinaonyesha karibu mapato yote ya mwenye nyumba bila kumuuliza. Tangu Januari minaandika yangu: kodi, mazutu ya grupu kila Jumatatu, mlinzi, takataka, mabidoni ya maji, siku ambazo umeme ulikosekana, siku ambazo mlango wa nje ulifungwa na wateja wakarudi. Kwa miezi minane, hizo gharama za pembeni zimefikia karibu theluthi ya kodi yenyewe. Fundi wa simu wa mbele yangu naye ameanza kuandika, na mshonaji mmoja wa etaji ya kwanza.

Anayetafuta sujeti mwaka huu aje, tutamkopesha kaye tatu. Yangu ni ile ya buluu. Kurasa za mwezi wa tano zimelowa kidogo, bomba la etaji ya pili lilipasuka, lakini namba bado zinasomeka.