Kuta Zinazokumbuka Jua

Fundi alibandika kiganja ukutani, akakipitisha polepole hadi penye ufa, kisha akagonga jiwe kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Jiwe zima hulia. Lililooza ndani hunyamaza. Alirudia hivyo safu baada ya safu kwenye ukuta wa duka kuukuu la hapa mjini Nyeri, na nusu ya asubuhi ilipita kabla hajagusa patasi. Alipoishika, kazi ya kwanza ilikuwa kuchokonoa saruji ambayo mtu mwingine aliwahi kuziba nayo viungo.

Jiwe letu limetokana na majivu ya volkeno. Ni laini, lina vinyweleo, hunywa ukungu wa Julai na kuutoa jua la Januari linapowaka. Zibia viungo vyake kwa saruji, unyevu utakosa njia. Utapenya usoni mwa jiwe na kuubandua kidogo kidogo, hata saruji ibaki imechomoza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Fundi huyu anatumia chokaa na mchanga, na huifunika kazi yake kwa magunia yaliyoloweshwa kwa sababu chokaa haipendi kuharakishwa. Wapita njia humuuliza mbona anachelewa. Yeye huendelea kulowesha magunia.

Ustadi huo ulikusanyika hapa kwa mikono mingi. Waingereza waliweka ngome Nyeri mwishoni mwa 1902, mwaka uleule Wamisionari wa Consolata walipofika Tuthu. Mafundi wa Kihindi walikuja na timazi zao, vijana wa Kikuyu wakajifunza kuchonga na kuranda, na reli ilipofika Nanyuki mwaka 1930 miji hii ya mlimani ilikuwa na namna yake ya kujenga: ukuta mnene, baraza pana, dari ya mbao chini ya mabati. Wageni wanaopelekwa kuona Paxtu, kijumba alichojengewa Baden-Powell, mwanzilishi wa Uskauti, mwaka 1938 kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, husimuliwa habari za aliyekaa humo hadi kufa kwake mwaka 1941. Natamani siku moja wasimuliwe habari za walioranda mbao zake.

Mimi niliufahamu ujenzi huo kwa cucu, nyanya yangu, karibu na Karatina. Nyumba yake ya mawe ilinyooka mashariki hadi magharibi, kuta fupi zikilikabili jua la asubuhi na la jioni, ndefu zikitazama kaskazini na kusini chini ya paa lililotokeza mbele sana. Sisi tuko kusini kidogo tu mwa Ikweta: Juni jua huegemea kaskazini, Desemba huhamia kusini, Machi na Septemba hukaa utosini. Paa lile lilikuwa na jibu kwa kila mwezi. Asubuhi za kiangazi cucu alifungua madirisha ya upande wa kivuli, na hewa ya moto ikapandia matundu yaliyoachwa juu karibu na dari. Jua likianza kushuka alifunga kila kitu, asiache upenyo, kwani joto lililoingia kwenye mawe mchana lilikuwa letu la usiku. Tulilala bila kutetemeka, mlima ukiwa umevua mawingu na baridi yake ikiteremka mashambani. Dari ilikuwa ya mtarakwa. Kila adhuhuri ya Februari ilitoa harufu yake, na hadi leo nikinusa penseli mpya mwanangu anapoichonga, namwona cucu akifunga komeo la dirisha.

Sasa tunajenga paa lililofichwa nyuma ya kikuta, lisilotokeza hata shubiri moja. Vioo vinaanzia sakafuni, vikielekezwa magharibi ili barabara ivione. Ukuta ni mwembamba, dari ni ubao wa jasi. Mpangaji huvua shati saa nane mchana, na usiku hulala na sweta. Kisha ananunua feni na hita, analipa umeme wa zote mbili, na hakuna anayeona ajabu.

Jengo la zamani la mahakama ya Waafrika pale Ruring'u, la mwaka 1924, limepona kwa sababu limekuwa jumba la makumbusho. Sheria ya urithi ya mwaka 2006 hulinda jengo lililotangazwa rasmi. Duka la mjini na nyumba ya nyanya wa mtu havitangazwi. Huuzwa pamoja na kiwanja, na mnunuzi anahesabu kiwanja tu.

Linaloniumiza zaidi ni mtarakwa. Mchwa huuogopa kwa mafuta yake, na nguzo ikianza kuoza huoza mguuni, pale inapokutana na udongo. Fundi hodari hukata ule mguu, akaunga kipande kizima, na nguzo ikaendelea kubeba paa. Mti kama huo hukua polepole mno, na misitu ya mlimani iliyoutoa haiko tayari kutupa mwingine. Nimeona nguzo hizo zikipakiwa kwenye pikapu kuwa kuni za kuchomea nyama. Mawe yaliyochongwa kwa mkono, yenye alama za patasi bado usoni, yalipigwa nyundo yakawa kifusi, yakashindiliwa, na juu yake kukapangwa kabro za kuegeshea magari.