Ncha Iliyogeuka Kirungu

Kando ya uti wa mgongo, pingili kwa pingili, zimejipanga seli za neva za hisia zenye umbo la ajabu. Kila moja hutoa uzi mmoja tu, na uzi huo hugawanyika mara moja. Tawi moja huelekea nje, hata likafika kwenye ngozi ya kidole gumba cha mguu. La pili huingia ndani ya uti (nasema ugwe wa neva, si mifupa inayouzunguka) na kupanda kuelekea ubongoni. Tawi la nje likikatwa huota tena, kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku, na mwenye jeraha huanza kuhisi michomo midogo pale palipokuwa na ganzi. La ndani likikatwa, limekatika. Na seli ni ileile moja, jeni ni zilezile.

Anayetaka kujua kwa nini aliyevunjika mgongo hainuki, hapo amepewa jaribio lililokwisha kuandaliwa na maumbile. Tofauti haimo katika seli nzima. Imo ama mahali uzi unapopita, ama kwenye ncha yake.

Ncha hizo alizichora Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Uzi unaokua, yaani aksoni, una ncha iliyotandazika kama kiganja chenye vidole vyembamba vinavyopapasa njia. Aksoni iliyokatwa ndani ya uti ina ncha iliyovimba na kukaa kimya, kama kirungu. Kwa miaka mingi kirungu hicho kilitazamwa kama alama ya kushindwa tu, na wachache waliuliza ndani yake kuna nini.

Swali la mahali ndilo lililojibiwa kwanza. Mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal, Kanada, walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya, wakachomeka mwisho mmoja chini ya ubongo na mwingine katikati ya uti, kipande chenyewe kikipita nje ya mifupa kama daraja. Aksoni zikaota ndani ya daraja, nyingine zikafika milimita 30. Uzuri wa jaribio hili uko katika namna walivyothibitisha. Kuona nyuzi ndani ya kipande hakutoshi, maana zingeweza kutoka popote. Kwa hiyo walikata daraja, wakatia alama ya kemikali inayonyonywa na aksoni na kurudishwa hadi kwenye mwili wa seli, kisha wakaitafuta ilikoishia. Waliikuta ndani ya seli za ubongo na za uti wenyewe. Neva za ndani zinaweza kukua, mradi zipewe ardhi inayozifaa.

Lakini zilipofika mwisho wa daraja na kurudi ndani ya uti, zilisogea milimita moja au mbili, zikasimama. Nitarudi kwenye hizo milimita mbili.

Sasa tuingie ndani ya uzi. Aksoni haisimami yenyewe. Ndani yake kuna mafungu ya maikrotubuli, mirija iliyo wazi katikati kama mianzi, yenye upana wa nanomita 25 hivi, iliyojengwa kwa matofali ya protini iitwayo tubulini. Mirija hiyo ni nguzo na reli kwa pamoja: juu yake protini za uchukuzi hukokota mizigo kutoka kwenye mwili wa seli hadi nchani, mwendo ambao kwa mizigo ya haraka hufikia milimita 400 kwa siku. Tena mirija hii haitulii. Mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner walionyesha kwamba kila mmoja hurefuka taratibu, kisha ghafla hubomoka, kisha hurefuka tena. Mahali inapobomoka zaidi kuliko inavyojengwa, uzi hausogei.

Timu ya Frank Bradke, Ujerumani, ndiyo iliyounganisha jambo hili na kirungu cha Cajal, nami nitaanza na kazi yao juu ya seli changa za neva. Seli changa ya neva katika sahani ya maabara huwa na vijiti kadhaa vya urefu mmoja, na kimoja tu ndicho hugeuka aksoni. Kipi? Mwaka 2008 walitumia Taxol, dawa ya saratani inayozuia maikrotubuli kubomoka, iliyofungwa kikemikali isifanye kazi mpaka imulikwe. Wakamulika kijiti kimoja. Kijiti kile kikawa aksoni. Sijui jaribio jingine la ukuaji wa neva linaloonyesha chanzo na matokeo kwa uwazi kama huu: mwanga ulipoangukia, ndipo njia ilipoanzia.

Mwaka mmoja kabla walikuwa wameshaligeukia jeraha, na hapa seli ya matawi mawili ikawafaa. Katika tawi la nje lililojeruhiwa, mirija ilikuwa imepangika sambamba hadi karibu na ncha. Katika tawi la ndani, ndani ya kirungu, ilikuwa imetawanyika ovyo. Mtafiti mzembe angeishia hapo na kutangaza ushindi. Wao walijaribu pande zote mbili. Waliitia neva ya nje, ile inayoota, dawa ya kuvunja maikrotubuli, na ncha zake zikageuka virungu. Walilitia tawi la ndani Taxol, na virungu vikapungua. Ukiweza kukiumba kitu na kukizuia kwa kugusa sehemu moja tu, unayo haki ya kusema sehemu hiyo ndiyo chanzo.

Walipoipeleka Taxol kwenye uti wa panya mwaka 2011 walipata pia faida nyingine: kovu lilipungua, na kovu ni ukuta unaozuia aksoni. Ila Taxol haipenyi vizuri kutoka damuni kwenda kwenye ubongo na uti, ikabidi ipelekwe kwa pampu hadi kwenye jeraha. Mwaka 2015 wakatumia epothiloni B, ambayo hupenya. Hiyo hutoka kwa bakteria wa udongo, na aina iliyoleta ugunduzi ilipatikana katika udongo wa kingo za mto Zambezi. Dawa moja ilifanya kazi mbili zilizopingana: ilizifanya seli za kovu zikose mwelekeo zisiweze kuhamia kwenye jeraha, na ilizipa aksoni mirija ya kusonga mbele. Panya waliotibiwa walikosea hatua mara chache zaidi walipovuka ngazi iliyolazwa.

Hata hivyo, watafiti wengine nchini Marekani walirudia jaribio la Taxol, wakachapisha mwaka 2014 bila kuona wanyama wakitembea vizuri zaidi. Hilo lazima lisemwe kila dawa hizi zinapotajwa, kwa sababu wapo watu kitandani wanaosoma habari hizi kwa macho tofauti na yetu.

Ni kwa ajili yao pia napenda kulitazama kwa makini tukio la Wrocław, Poland. Pawel Tabakow, akishirikiana na Geoffrey Raisman wa London, alimpasua mwaka 2012 mtu aliyekatwa uti kwa kisu. Walitoa tunguu moja ya neva za kunusa, wakakuza seli zake zinazozifunika na kuzisindikiza aksoni mpya kutoka puani, kwa kuwa neva za kunusa huzaliwa upya maisha yote. Wakadunga seli hizo juu na chini ya jeraha, wakaziba pengo la milimita 8 kwa vipande 4 vya neva ya kifundo cha mguu. Alirudiwa na sehemu ya hisia na misuli, akatembea kwa fremu.

Nafurahi kwa ajili yake. Kama mchambuzi, siwezi kukwambia kilichomnyanyua ni kipi: kuondolewa kwa kovu, seli za tunguu, daraja la neva, au mazoezi ya saa nyingi kila siku. Mgonjwa alikuwa mmoja, na vyote vilifanywa pamoja. Usafi wa seli nao una uzito. Mwanamke mmoja aliyepandikizwa tishu nzima ya pua, si seli zilizochujwa, alikutwa miaka 8 baadaye na uvimbe mgongoni unaotoa ute kama kamasi.

Kwa hiyo jaribio ninalolisubiri ni dogo na lenye mpaka. Daraja la Aguayo liwekwe kama lilivyowekwa, kundi moja la wanyama lipate dawa ya maikrotubuli na jingine lisipate, kisha zihesabiwe aksoni zinazotoka upande wa pili wa daraja na kuvuka zile milimita mbili.