Tazama Mkono, Si Bunduki

Nimesikia mwongozaji akisifiwa Mabwepande kwa kuwa alizungumza bila kupumzika tangu mwanzo wa matembezi hadi mwisho. Sifa hiyo imeniudhi. Pori la Akiba Pande la hapo lina kilomita za mraba 15 hivi, na makazi yanalisogelea. Paa aliyebaki humo amebaki kwa sababu anajua kukukwepa. Ukiingia na domo, utaona miti.

Mgeni hutazama bunduki, kisha huhesabu majina ya ndege aliyotajiwa. Mimi hutazama mkono.

Mwongozaji aliyeiva ana kijifuko cha kitambaa chenye majivu yaliyochekechwa. Hukitikisa anapokata kona, anaposhuka korongoni, na tena jua likishachoma. Alfajiri hewa baridi huteremka na korongo. Ardhi ikipata moto, hewa hupanda, na kwenye vichaka vizito hugeuka ghafla. Tembo haoni vizuri, lakini pua yake hukupata mapema kabla hujamwona. Anayejua upepo atakusogeza karibu na kukutoa salama bila mnyama kuinua kichwa. Wapo wanaorusha mchanga. Siwakubali: mchanga huanguka kabla haujasema kitu. Majivu ya mkwaju ndiyo yenyewe.

Zamani, Selous ikiwa bado nzima, kabla ya sehemu yake kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, mzee mmoja wa Mloka alitutangulia kuwaendea nyati. Alitikisa kijifuko, akasimama, akaturudisha tulikotoka bila neno. Tukazunguka sana, wageni wakinung'unika. Tulipotokea upande wa pili, upepo ukitupiga usoni, nyati walikuwa wamelala wanacheua. Bakshishi ikaenda kwa askari mwenye bunduki.

Mwongozaji mwingine nilimkuta akiwaonyesha wageni unyayo wa chui, alama za kucha zikionekana wazi kabisa. Chui hutembea amezificha kucha zake. Ule ulikuwa wa mbwa wa kijijini, na watu waliinama kuupiga picha.

Watu zaidi ya sita nyuma ya mwongozaji mmoja ni maandamano. Mwenye shati jeupe arudishwe akabadilishe. Anayetoa maelezo juani na kivuli kipo hatua tatu mbele, hajui kazi.

Enzi za mzee yule wa Mloka hukukabidhiwa wageni kabla hujabeba maji nyuma ya msasi, umefunga mdomo, masika na kiangazi. Sasa cheti kinatosha. Wapo wazee wa Kirufiji waliohamia Mbagala, wanashinda vibarazani na ujuzi wote huo, na hakuna kampuni inayobisha hodi kwao. Hilo linaniuma kuliko yote.

Ukifika lango la Mtemere kuingia Nyerere, muulize mwongozaji wako upepo unatoka wapi. Akiinua macho kutazama vilele vya miti, omba mwingine. Huko juu upepo una njia yake. Wa kwenye magoti ndio unaompelekea nyati harufu yako.