Tiketi ya Kwanza ya Mgeni wa OpenMRS

Mulanda, katika nchi ya Wapadhola wilayani Tororo, Uganda, pana kituo cha afya cha daraja la nne, na mpaka wa Kenya hauko mbali. Bibi mzee wa sehemu hizo akiulizwa siku aliyozaliwa, aghalabu hutaja mwaka wa njaa au wa mvua kubwa, na mwenye kuandika hana budi kuukadiria umri wake. Makadirio hayo yana mahali pake ndani ya OpenMRS, programu huria ya kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa, kwani kando ya tarehe ya kuzaliwa imewekwa alama isemayo kama tarehe hiyo ni ya yakini au imekisiwa.

Mradi huu uliasisiwa mwaka 2004 na Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, pamoja na Hamish Fraser wa Partners In Health. Mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret, na Uganda nayo ikajenga mfumo wake wa UgandaEMR juu yake. Kwa hiyo kijana wa Mulanda atakaye kuchangia haendi kugonga mlango wa nyumba asiyoijua.

Huanza kwa kuchagua tiketi, yaani kazi iliyoorodheshwa, miongoni mwa zile zilizotengewa wageni, akaishika kwa jina lake ili mwingine asiirudie kazi ile ile. Hujitengenezea nakala ya msimbo katika GitHub, akafungua tawi lenye namba ya tiketi, akarekebisha kasoro moja tu, kisha akapeleka ombi la kuunganisha. Chukua mathalani kasoro ya kuonyesha umri bila ya ile alama ya makadirio, hata daktari akausoma umri wa bibi yetu kama kwamba ni yakini. Fundi mwema hutanguliza jaribio: humbuni mgonjwa mwenye tarehe iliyokisiwa, akaliona jaribio likishindwa, ndipo akaugusa msimbo. Mhakiki wa ombi lake naye huuliza, kwa adabu, vipi yule asiye na tarehe kabisa? Swali hilo moja humfunza mgeni zaidi ya kitabu kizima, maana katika Java thamani tupu isiyotazamiwa huweza kuisimamisha kazi nzima.

Lipo kosa jingine ambalo wageni wengi hulifanya bila ya kukusudia, nalo ni kuiachia programu ya kuandikia ipange upya nafasi za faili zima, ikawa marekebisho ya mistari mitatu yamefichika ndani ya mamia ya mistari. Hapo mhakiki hushindwa kuona lililobadilika. Na fauka ya hayo, historia ya faili humtaja mgeni kuwa ndiye aliyebadilisha mwisho mistari ambayo maana yake hakuigusa, hata atakayeulizia sababu yake miaka mitano baadaye atampelekea swali asiye na jawabu. Mimi naliona jambo hili la historia kuwa zito zaidi, kwa kuwa mradi wenye watu waliotawanyika duniani hauna mzee mmoja wa kukumbuka yote.

Tiketi ya pili namshauri aichague jirani na ile ya kwanza, katika msimbo ule ule wa umri na tarehe, ambao sasa anaujua, na wahakiki wake wamekwisha kumzoea.