Sabina Spielrein na Neno la Kwanza la Mtoto

Wasomaji wetu waliowahi kupekua vitabu vya elimu ya nafsi huenda wamekutana na jina la Sabina Spielrein, na twahofu kuwa wamekutana nalo mahali pasipolifaa: katika habari za mapenzi ya daktari mashuhuri. Mwaka 1977, katika ghala ya chini ya jengo moja mjini Geneva, zilipatikana karatasi zake, yaani shajara pamoja na barua zilizomhusu Carl Jung na Sigmund Freud. Mwitalia Aldo Carotenuto alizichapisha mwaka 1980. Twamshukuru, maana bila yeye wengi wasingalijua kwamba mwanamke huyu aliishi. Lakini tangu siku hiyo kila asimuliaye maisha yake huanza na Jung na kumalizia na Jung. Filamu ya David Cronenberg ya mwaka 2011 inakoma mwaka 1913. Miaka 29 iliyobaki ya maisha ya mtu imeachiwa mistari michache ya maandishi.

Hatusemi kwamba jambo hilo halikuwako. Spielrein alizaliwa mwaka 1885 mjini Rostov, kando ya mto Don nchini Urusi, katika jamaa ya Kiyahudi yenye mali. Agosti 1904, akiwa msichana wa miaka 18, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, mjini Zürich, na Jung ndiye aliyemtibu. Mapenzi yalizuka, yakamletea uchungu wa miaka mingi. Jung alikuwa tabibu, tena mwenye mke. Dhamana ilikuwa yake yeye, si ya mgonjwa. Haya yakisemwa, yatosha. Lililo kubwa zaidi ni kwamba kabla ya mwaka mmoja kwisha msichana huyo alitoka hospitalini akaingia chuo kikuu kusoma udaktari, na mwaka 1911 akapata shahada kwa tasnifu juu ya maneno ya mwanamke mgonjwa wa skizofrenia. Wengine waliyaona maneno hayo kuwa upuuzi mtupu; yeye aliyasikiliza kama lugha yenye maana.

Mwaka 1912 alitoa makala iliyodai kwamba uharibifu ni chanzo cha kuwako: kwamba katika tamaa ya kuzaa mna pia tamaa ya kuvunjika. Freud alipokuja kuandika juu ya silika ya mauti mwaka 1920, alimtaja katika tanbihi, akikiri kwamba bibi huyu alitangulia kuyafikiri mengi ya hayo, ila akaongeza kuwa makala yenyewe haikumwelea sawasawa. Tanbihi tu! Walimu wanajua ni wanafunzi wangapi wasomao tanbihi.

Lakini sisi tunaofundisha lugha tuna sababu yetu wenyewe ya kumsoma. Mwaka 1922, akiwa Geneva, mahali ambapo kijana Jean Piaget alikuwa akimwendea achambuliwe nafsi, alichapisha makala juu ya asili ya maneno mawili ya kitoto, papa na mama. Rai yake ni hii. Sauti ya *m* hutokana na kinyonyacho: midomo imefumba juu ya titi, pumzi yapita puani. Mtoto anapokuwa na njaa hurudia mwendo ule ule wa midomo, na mara mama huja. Basi mtoto huona kwamba sauti imemwita. Neno, kwanza, ni uganga. Sauti ya *p* au *b* huja akiisha kushiba, anapolichezea titi na kuliachia. Ndipo baadaye, polepole, neno huwa la kusemezana na watu.

Tusilipokee lote bila kulipima. Kiswahili chetu chamkubali, kwa mama na baba. Lakini Mganda humwita babaye *taata*, na Mnyarwanda husema *data*, wala hapo midomo haifumbi. Nadhani yake juu ya *p*, basi, ni dhaifu kuliko ile ya *m*, na mwanaisimu Roman Jakobson, aliyelishughulikia swali hilo hilo karibu miaka 40 baadaye, alilipanua hata kuzifikia sauti za meno. Hata hivyo, kuuliza neno latoka wapi mwilini, na kumsikiliza mtoto mchanga kama shahidi wa kutegemewa, ni jambo ambalo wachache wa wakati wake walilithubutu. Shahidi wake wa karibu alikuwa bintiye, Renata, ambaye maswali yake ya utotoni mama aliyaandika kwa makini ya mtaalamu.

Alirudi Urusi mwaka 1923, akaishia Rostov kwao, akaendelea kufanya kazi na watoto. Uchambuzi wa nafsi ulipigwa marufuku. Ndugu zake watatu waume, wote watu wa elimu, waliuawa katika msako wa Stalin wa miaka ya 1937 na 1938. Agosti 1942 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi wa Rostov, wakawaua katika korongo la Zmievskaya Balka. Spielrein alikuwa miongoni mwao, pamoja na binti zake wawili. Eva alikuwa na miaka 16, na Renata 28.