Kubadilisha Leseni au Kuongeza Jamii? Uhakiki wa Istilahi za Urubani

Makusudio ya makala haya ni kuhakiki fungu dogo la maneno litumiwalo rubani wa helikopta anapotaka kuruhusiwa kurusha ndege zenye mabawa. Husemwa kwamba rubani huyo "anabadilisha leseni ya biashara ya helikopta kuwa ya ndege". Kwa msikilizaji wa kawaida maneno hayo hayana kasoro. Lakini mtafsiri wa kanuni, mwalimu na mtumishi wa serikali wakiyatazama kwa makini wataona kwamba matatu kati yake, yaani kubadilisha, biashara na ndege, yanapotosha. Na la nne, aina, ambalo huyafuata popote yaendapo, linazidi kuyatia giza.

Jambo hili si la anasa. Kwa miaka mingi lugha ya mahakama zetu za juu ilikuwa ya wageni. Lakini kwa marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili kimetangazwa kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania. Kwa hiyo kanuni za usafiri wa anga nazo hazina budi kusomeka kwa Kiswahili, na kanuni haisomwi kama gazeti. Neno moja lililolegea laweza kumnyima mtu kazi aliyostahili, au kumweka kwenye usukani wa chombo asichokijua.

1. Kubadilisha

Twaweza kuanzia Tunduma, mji wa mpakani ambako neno hili lina maana isiyohitaji kamusi. Mtu avukaye kwenda Nakonde hubadilisha shilingi apate kwacha. Arudipo hubadilisha kwacha apate shilingi. Hutoa kimoja akapokea kingine, na kile alichokitoa hakimo tena mfukoni mwake. Hiyo ndiyo maana ya kubadilisha: kubadilishana mahali kwa vitu viwili, kimoja kikitoka na kingine kikiingia.

Je, rubani wa helikopta hufanya hivyo? La. Ruhusa yake ya kurusha helikopta haimtoki. Anachokitafuta ni ruhusa ya pili, ikae kando ya ile ya kwanza. Tena ruhusa ya kwanza haigeuki kuwa ya pili kwa kugongwa muhuri tu. Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambacho ni msingi wa kanuni za leseni katika nchi zetu, kinataka mwombaji wa leseni ya kulipwa ya eropleni awe na saa 200 za kuruka, au 150 iwapo alisoma katika kozi iliyoidhinishwa. Kwa helikopta kiasi hicho ni saa 150, au 100 katika kozi iliyoidhinishwa. Kuhusu mtu aliyekwisha kuruka katika chombo cha jamii nyingine, Kiambatisho kinaiachia mamlaka inayotoa leseni iamue kama uzoefu huo unakubalika, na kama unakubalika upunguze saa zinazotakiwa kwa kiasi gani.

Kwa hiyo kitendo chenyewe ni kuhesabiwa saa, wala si kubadilishiwa cheti. Baadhi ya saa za helikopta zitahesabiwa; nyingine hazitahesabiwa; na yale mambo ambayo ni ya eropleni peke yake itampasa ayafanye upya. Mathalani, kanuni ya eropleni hudai safari moja ndefu isiyopungua kilomita 540, ambamo rubani atatua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Rubani aondokaye Kiwanja cha Songwe, akatua Iringa kisha Dar es Salaam, amelitimiza sharti hilo, maana safari hiyo hupita kilomita 600. Kwa upande wa helikopta umbali kama huo haukutajwa. Mtu aliyeahidiwa "kubadilishiwa" leseni atashangaa akidaiwa safari hiyo. Aliyeambiwa kwamba "anaongeza" hatashangaa.

Wala neno kubadilisha lisitupwe, kwani linayo kazi yake halali. Rubani mwenye leseni iliyotolewa na nchi moja akitaka kupewa leseni ya nchi nyingine kwa msingi wa ile ya kwanza, hapo kubadilisha kunafaa. Ama ikiwa nchi ya pili haitoi leseni yake bali inaitambua tu ile ya kigeni kuwa halali katika mipaka yake, hapo neno ni kuithibitisha. Tukilitumia neno moja kwa vitendo hivi vyote, karani wa dirishani hatajua ni fomu ipi ampe mwombaji.

Neno tulitafutalo, kuongeza, limo tayari vinywani mwa madereva wa malori wanaopanga foleni Tunduma. Dereva wa lori atakaye kuendesha basi la abiria hasemi kwamba anabadilisha leseni. Husema anaongeza daraja. Lugha ya barabarani imeshalitatua tatizo ambalo watafsiri wa lugha ya angani bado wanahangaika nalo.

2. Biashara

Neno la pili lina hatari nyingine. "Leseni ya biashara" ni istilahi iliyokwisha kukaa katika sheria na katika maisha: ni hati ambayo mwenye duka huitundika ukutani. Mfanyabiashara wa Tunduma akisikia kwamba fulani ana "leseni ya biashara ya helikopta" atafahamu kwamba mtu huyo ameruhusiwa kuuza au kukodisha helikopta. Hatafahamu kwamba ni rubani.

Tena neno hilo halisemi kile ambacho kanuni inakusudia. Tofauti iliyopo kati ya leseni hii na leseni ya rubani wa binafsi ni malipo. Rubani wa binafsi aweza kurusha chombo, lakini hawezi kupokea ujira kwa kazi hiyo, mwenzake anaweza. Lugha ya michezo imekuwa ikiieleza tofauti hii bila taabu kwa miaka mingi: kuna mchezaji wa ridhaa na mchezaji wa kulipwa. Twapendekeza basi leseni ya rubani wa kulipwa. Faida yake yaonekana mara moja katika jambo letu. Rubani wa kulipwa katika helikopta hawi rubani wa kulipwa katika eropleni mpaka atimize masharti ya ngazi hiyo katika eropleni. Akitimiza yale ya ngazi ya chini tu, atakuwa mtu mmoja mwenye hadhi mbili: wa kulipwa huku, wa binafsi kule. Hilo laelezeka kwa maneno haya. Kwa neno biashara halielezeki.

3. Ndege

Hapa pana ugumu mkubwa kuliko wote, kwa kuwa neno ni letu na kila mtu analipenda. Magazeti huandika "ndege na helikopta", kana kwamba helikopta si ndege. Magazeti hayo hayo, pengine siku hiyo hiyo, huandika "ndege aina ya helikopta", kana kwamba ni ndege. Msomaji wa habari hasumbuki, kwa sababu habari yenyewe humwongoza. Msomaji wa kanuni hana wa kumwongoza.

Tuchukue sentensi iliyotungwa kwa ajili ya mfano tu: "Mwenye leseni ya rubani wa ndege anaruhusiwa kurusha ndege yoyote yenye injini moja." Ikiwa ndege ni pamoja na helikopta, basi sentensi hii inamruhusu rubani wa helikopta kupanda eropleni asiyopata kuigusa. Ikiwa ndege si pamoja na helikopta, basi rubani wa helikopta hana leseni kabisa. Maana zote mbili zinatetewa na matumizi ya kila siku, na hakimu hana pa kushika.

Wenyeji wa kusini magharibi ya Tanzania wanalijua tatizo la namna hii kwa mfano wa karibu. Songwe ni mto uingiao Ziwa Rukwa. Songwe ni mto mwingine uingiao Ziwa Nyasa, mpakani na Malawi. Songwe ni wilaya. Songwe ni mkoa uliogawanywa kutoka Mbeya mwaka 2016. Na Songwe ni kiwanja cha ndege kilichoanza kutumika mwaka 2012, nacho kimo Mkoa wa Mbeya wala si Mkoa wa Songwe. Watu hawapotei kwa sababu huongeza neno: mto, mkoa, kiwanja. Istilahi nayo yafaa ifanyiwe hivyo.

Pendekezo letu ni kwamba ndege liwe jina la jumla la vyombo vyote virukavyo, likiwamo puto na helikopta. Na chombo chenye injini kiinuliwacho na mabawa yasiyozunguka kiitwe eropleni. Yapo mapingamizi. Wengine watasema kwamba eropleni ni neno la kizamani, lenye harufu ya enzi za ukoloni, na kwamba lisimame badala yake "ndege ya bawa tuli". Tungo hili la pili ni zuri kwa kufundishia, maana linamwonyesha mwanafunzi kwamba bawa la eropleni limetulia, hali "bawa" la helikopta ni yale mapanga yazungukayo juu yake. Lakini katika kanuni, ambako jina litarudiwa mara mia, maneno manne ni mzigo. Eropleni ni fupi, wazee walilitumia, linanyambulika kwa sarufi yetu, na halina kazi nyingine inayoligombania. Kama helikopta haikuonekana ngeni, eropleni nayo isionekane.

4. Aina, Daraja na Jamii

Tumetaja "ndege aina ya helikopta". Husemwa pia "ndege aina ya Airbus" na "ndege aina ya injini mbili". Katika semi hizo tatu neno aina limebeba ngazi tatu tofauti, na kanuni za leseni huzitenganisha ngazi hizo kwa ukali. Ngazi ya juu hutenga eropleni na helikopta na puto. Ngazi ya kati, ndani ya eropleni, hutenga zile za injini moja na za injini nyingi, za kutua ardhini na za kutua majini. Ngazi ya chini hutaja muundo mmoja maalumu wa kiwanda kimoja.

Twapendekeza jamii kwa ngazi ya juu, kama wasemavyo walimu wa elimu ya viumbe kwamba chui ni mnyama wa jamii ya paka. Daraja kwa ngazi ya kati, kwa kuwa leseni za barabarani zimekwisha kulizoesha. Na aina libaki na ngazi ya chini peke yake. Ruhusa inayoandikwa katika leseni kwa ngazi yoyote iitwe idhini. Rubani wetu basi anaongeza jamii. Akishaingia katika jamii mpya atahitaji daraja, na kwa baadhi ya vyombo atahitaji pia idhini ya aina.

5. Neno Linaloweza Kuua

Yamkini msomaji ataona kwamba hayo yote ni mambo ya makaratasi. Tutoe mfano mmoja wa mafunzoni. Helikopta hupunguza mwendo hata ukaisha, ikaning'inia hewani, ndipo itue. Eropleni haiwezi. Mwendo ukipungua, rubani naye akazidi kuinua pua ili asishuke, hewa huacha kufuata mgongo wa bawa, kani ya kuinua hupotea, na chombo huanguka hata kama injini inanguruma. Rubani atokaye kwenye helikopta anao mkono uliozoea kupunguza mwendo karibu na ardhi. Mazoea hayo ndiyo ya kwanza kuondolewa.

Kiingereza huita hali hiyo kwa neno lile lile kinalolitumia gari linapozimika njiani. Mtafsiri mwenye haraka ataandika "kuzima", na mwanafunzi atafahamu kwamba injini imekufa. Atashughulikia injini iliyo nzima, hali dawa ilikuwa kushusha pua. Twapendekeza bawa kuishiwa kani. Hapa uangalifu wa mfasiri ni sehemu ya usalama, sawa na uangalifu wa fundi.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, istilahi tunazoziweka mbele ya wasomaji ni hizi:

Ndege: chombo chochote kirukacho angani.
Eropleni: ndege yenye injini iinuliwayo na mabawa yasiyozunguka.
Jamii, daraja, aina: ngazi tatu za kuainisha ndege, kutoka juu hadi chini.
Idhini: ruhusa iandikwayo katika leseni.
Rubani wa kulipwa: aliyeruhusiwa kupokea ujira wa kurusha ndege.
Kuongeza jamii: kupata ruhusa ya jamii mpya bila kupoteza ya zamani.
Kuhesabiwa saa: saa za jamii moja kukubaliwa kwa ajili ya nyingine.
Kubadilisha leseni: kupewa leseni ya nchi moja kwa msingi wa leseni ya nchi nyingine.
Kuithibitisha leseni: kuitambua leseni ya kigeni bila kutoa mpya.
Bawa kuishiwa kani: bawa kupoteza nguvu ya kuinua.

Istilahi hizi hazitafaa zikibaki Dodoma na Dar es Salaam. Kanuni za usafiri wa anga za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekusudiwa kulingana, na wakala wa Jumuiya unaosimamia usalama wa anga una makao yake Entebbe. Chuo cha urubani cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971, kilikusudiwa tangu mwanzo kuwa cha Afrika Mashariki. Yafaa basi baraza letu lishauriane na wenzetu wa Kenya na Uganda kabla ya kusanifisha, ili eropleni ya Songwe isigeuke kuwa kitu kingine ikitua Nairobi. Hadi hapo, fungu tulilolihakiki yafaa lisomeke hivi: rubani wa kulipwa wa helikopta anaongeza jamii ya eropleni katika leseni yake.