Unyoya wa Elwak kwenye ndoana

Katika vichaka vikavu vya Elwak, kusini mwa Kaunti ya Mandera, kuna kanga ambaye ukimwona mara moja humsahau. Kichwa chake ni kipara kama cha tumbusi, na shingo ni nyembamba. Shingoni humteremka manyoya marefu yaliyochongoka: kila unyoya una mstari mweupe katikati, weusi kandokando ya mstari huo, kisha ukingo wa buluu iliyokolea. Kifua nacho kina buluu hiyohiyo, na jua likikipiga humeremeta. Ndege huyu hupenda kukimbia kuliko kuruka, usiku hulala juu ya migunga, na aweza kukaa muda mrefu bila kunywa kwa kuwa unyevu huupata katika chakula chake. Kwa mji ulioanzia visimani, huyo ni jirani anayestahili heshima.

Elwak hakuna mto wa samaki. Mto ulio karibu zaidi ni Daua, mbali kaskazini, upande wa Mandera mjini. Hata hivyo unyoya wa kanga huyu umo katika historia ya uvuvi wa nzi, uvuvi ambao chambo chake si mnyoo wala kipande cha nyama, bali ndoana iliyovikwa uzi, sufu na manyoya hadi samaki akaiona kuwa mdudu, au kisamaki kidogo kinachomkimbia.

Aliyeuingiza katika historia hiyo ni Arthur Ransome, Mwingereza aliyejulikana zaidi kwa hadithi yake ya watoto, Swallows and Amazons, ya mwaka 1930. Alikuwa mvuvi hodari wa samoni. Alipouchunguza unyoya wa kanga huyu aliona ndani yake mtoto wa mkunga, yule kiumbe mwembamba anayeingia mitoni kutoka baharini na kuliwa na samaki wakubwa. Akachukua manyoya mawili yenye mstari mweupe, akayaweka mgongo kwa mgongo juu ya kiwiliwili cheusi kilichozungushiwa utepe mwembamba wa fedha, na chini ya koo akaweka buluu. Nzi huyo akaitwa Elver, yaani mtoto wa mkunga, na mafundi wanamfunga hadi leo. Manyoya yenyewe siku hizi hutafutwa kwa kanga wanaofugwa ng'ambo, na hivyo ndivyo inavyopasa: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kanga wa Elwak abaki na manyoya yake.

Ninachokistahi kwa Ransome ni jicho lake. Unyoya huo mkavu, ukiwa mkononi, ni pambo. Yeye aliuwaza ukiwa umelowa, umesinyaa, unavutwa ukikabili mkondo, na unatazamwa kutoka chini na kiumbe mwenye njaa. Fundi wa nzi huanzia hapo, kabla hajagusa uzi.

Na mafundi wa kazi hii tunao kwetu. Kwa miongo mingi Kenya imekuwa moja ya nchi zinazofunga nzi wanaouzwa Uingereza, Ulaya bara na Marekani. Kampuni ya Kiingereza ya Fulling Mill, kwa mfano, nzi wake hufungwa Kenya. Kuna wavuvi huko Scotland wanaojua jina la kila nzi kisandukuni mwao na hawajapata kuwaza kwamba vidole vilivyomfunga ni vya Mkenya. Vitabu vya uvuvi humsifu anayevua, na humsifu aliyebuni. Anayefunga huachwa bila jina, naye ndiye ambaye kazi yake samaki huipima kwa meno.

Basi tumtazame akifunga. Ndoana imebanwa kwenye jiliwa ndogo mezani, jicho lake likielekea kulia. Ndoana namba 16 shina lake halizidi punje ya mchele, na namba ikipanda ndoana huzidi kuwa ndogo. Fundi anaanza kwa kuzungusha uzi juu ya chuma kitupu, mzunguko ukikanyaga mzunguko, mpaka ujishike wenyewe bila fundo. Kibobini kinachoshika uzi kinaachwa kining'inie. Uzito wake ndio unaoubana uzi wakati mikono inatafuta kitu kingine. Kila kitu hufungwa kikielekea nyuma kabla ya kurudishwa mbele: kwanza mkia, kisha ncha ya waya wa fedha ambao utasubiri, kisha sufu iliyosokotwa kwenye uzi uliopakwa nta. Sufu inazungushwa kuelekea kichwani, nyembamba nyuma na nene mbele, kama walivyo wadudu wenyewe. Hapo ndipo ule waya uliokuwa ukisubiri unazungushwa juu yake, kinyume cha mwelekeo wa sufu, ili jino la samaki likikata uzi mmoja kiwiliwili kisifumuke.

Bawa ndilo linalomtambulisha bingwa. Vipande viwili vya unyoya vinashikwa kati ya kidole gumba na cha shahada, juu kabisa ya ndoana. Mwanafunzi huuvuta uzi moja kwa moja, nyuzi za unyoya zikakunjika, bawa likapinda upande wa pili. Bingwa hupitisha uzi ukiwa umelegea, ukapenya kati ya vidole vyake na kufanya kitanzi kisichoonekana, kisha huuvuta wima bila kuachia unyoya. Nyuzi zinalaliana moja juu ya nyingine, na bawa linabaki limesimama. Tendo zima ni la kufumba na kufumbua, na halionekani, kwa kuwa limefanyika ndani ya vidole. Uzi nao lazima ubanwe karibu na kukatika: ukilegea nzi atazunguka kwenye shina, ukizidi kidogo kazi yote inaanza upya. Mpaka huo hauna kipimo. Mkono ndio unaoujua.

Hata uchaguzi wa kuku una elimu yake. Nzi wa kuelea huvikwa shingoni unyoya wa jogoo, mgumu, unaosimama juu ya maji bila kuyanywa. Nzi wa kuzama huvikwa wa tetea, ambao ni laini, hulowa upesi na kucheza kila mkondo unapougusa. Mwisho ni kichwa: kidogo, nadhifu, fundo lililofichwa chini ya uzi wake wenyewe, tone la vanishi, na jicho la ndoana likiwa wazi. Anayejaza vitu hadi jichoni amemharibia mvuvi, ambaye atasimama mtoni jioni, mikono ina baridi, akishindwa kupitisha mshipi. Kisha fundi atafunga wa pili, na wa tatu, hadi dazeni, wote sawa. Kwangu usawa huo ni ustadi mkubwa kuliko ule wa nzi mmoja wa maonyesho ndani ya fremu ya kioo.

Samaki wanaofungiwa nzi wa aina hii nchini, trauti, si wenyeji. Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na mwaka 1905 wakapandikizwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Wanataka maji baridi yenye hewa nyingi, kwa hiyo wamebaki juu, kwenye vijito vya Aberdare na Mlima Kenya. Lakini maji yenyewe hayabaki. Gura huingia Sagana, Sagana ni Tana, na Tana, baada ya mabwawa ya Masinga hadi Kiambere, hupita Garissa, pana, ya rangi ya udongo, yenye joto.

Hapo trauti hawezi kuishi, na nzi wake hana kazi. Wapo kambare, tilapia, na mikunga wa kweli waliopanda kutoka Bahari ya Hindi. Fundi anayefunga kwa maji hayo huyaacha aliyozoea. Kambare katika tope hategemei macho. Husikia mtikisiko, hupapasa kwa sharubu. Rangi za kupendeza ni kazi bure. Fundi ataweka ndoana nene, manyoya meusi, marefu na laini, yanayotikisika hata nzi akisimama, na kichwa kipana cha nywele za swala zilizobanwa na kupunguzwa kwa mkasi, ili kila anapovutwa ayasukume maji mbele yake. Atamwekea uzito kidogo chini ya kiwiliwili afike karibu na sakafu ya mto, na atamfunga ndoana ikitazama juu, asinase mizizi.